'Click': Mlio mmoja wenye kazi nyingi, na si kila mahali ni 'kubofya'

YAPO maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri huyadhania mepesi, kumbe ndiyo yanayomtoa kijasho. Mojawapo ni 'click'. Kwa wengi waliozoea kompyuta na simu, neno hilo lina tafsiri moja tu, nayo ni kubofya. Mazoea hayo yakiachwa yatawale, msomaji atajikuta akisoma kwamba marafiki wawili 'walibofyana' siku ya kwanza walipokutana, au kwamba siri ya mauaji 'ilibofya' akilini mwa mpelelezi.

Tatizo hapa si uchache wa maneno katika Kiswahili. La hasha! Neno hilo la Kiingereza lilizaliwa na mlio, kisha likabebeshwa kazi za kidole, ulimi, akili, moyo na hata biashara. Kiswahili nacho kina jina mahususi kwa kila mojawapo ya kazi hizo. Anayelitafsiri bila kuuliza ni kazi ipi inayotajwa huenda akapotosha habari nzima.

Asili ya neno

'Click' ni tanakali ya sauti, yaani neno lililoundwa kwa kuiga mlio wa kitu. Waingereza wamelitumia tangu karne ya 16 kuutaja mlio mfupi na mkavu, kama ule wa kufuli inapojifunga au wa swichi ya taa inapowashwa.

Umbo la neno lenyewe linafanana na mlio huo. Sauti 'k' imesimama mwanzoni na mwishoni, na katikati pana irabu fupi 'i'. Sauti inaanza ghafla na kukatizwa ghafla. Irabu nayo ina kazi yake, kwani katika tanakali nyingi za Kiingereza 'i' hudokeza kitu kidogo au chepesi. Ikigeuzwa kuwa 'a', likapatikana 'clack', mlio huwa mkubwa zaidi, kama wa viatu vya mbao sakafuni. Ikigeuzwa kuwa 'u' na kuongezwa 'n', likapatikana 'clunk', msikilizaji hupata picha ya chuma kizito kinachogongana na kingine.

Kiswahili nacho hakikubaki nyuma katika sanaa hii. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya hufundishwa kwamba anayeanguka mchangani huanguka tifu, anayetumbukia majini hutumbukia chubwi, na anayeanguka matopeni huanguka tapwi. Lugha hii imekwenda mbali zaidi na kuvipa vyombo majina kutokana na milio yavyo. Pikipiki ni mfano ulio wazi.

Hata hivyo, ifahamike kwamba kila lugha huusikia mlio kwa sikio lake. Jogoo ni yule yule, lakini kwa Mswahili huwika kokoriko, na kwa Mwingereza huwika 'cock-a-doodle-doo'. Mlio ambao Mwingereza huuita 'click', Mjapani huuiga kwa kusema 'kachi'. Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, aligusia jambo hili. Alieleza kwamba hata maneno yanayoiga sauti hutegemea kwa kiasi fulani makubaliano ya wasemaji, wala hayanakili maumbile moja kwa moja.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini 'kliki' halijapata makao ya kudumu katika Kiswahili sanifu. Kiswahili hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Neno la Kiingereza likitiwa irabu mwishoni, mdomo hubaki wazi pale ulipopaswa kufungwa kwa ghafla, na ule ukavu wa mlio hupotea. Linalosalia ni neno geni lisilofanana tena na sauti iliyolizaa.

Mlio wenyewe: kualika

Kiswahili kina kitenzi cha kale kinachoutaja mlio huu, nacho ni kualika. Wengi hukijua kwa maana ya kumwita mtu karamuni au arusini. Lakini lipo neno jingine la umbo hilo hilo lenye maana ya kutoa mlio mfupi na mkavu. Vidole hualika vinapovutwa, na kijiti kikavu hualika kinapovunjwa. Anayevivuta vidole vyake hadi vikalia husemwa kuwa anavialisha. Mlio wenyewe huitwa mwaliko.

Maadamu mwaliko wa karamu ndio unaofahamika zaidi siku hizi, mwandishi hana budi kuwa mwangalifu. Akiandika kwamba 'ulisikika mwaliko wa kufuli', msomaji huenda akashangaa kufuli imemkaribisha nani. Akiandika kwamba 'kufuli ilialika, mlango ukafungika ndi', maana hujitokeza bila utata.

Mara nyingi, hata hivyo, Kiswahili hakiutaji mlio peke yake. Hutaja tendo lililouleta. Mwandishi wa riwaya za Kiingereza anaweza kusema tu kwamba mlinzi alisikia 'click' gizani, akamwachia msomaji kubahatisha. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuuliza: ni nini kilicholia? Ikiwa ni silaha, ataandika kwamba mlinzi alisikia bunduki ikikokiwa. Ikiwa ni taa, ataandika kwamba alisikia swichi ikiwashwa. Ikiwa ni mtego, ataandika kwamba alisikia ukifyatuka. Kwa ufupi, Kiingereza huanzia sikioni, ilhali Kiswahili aghalabu huanzia kwenye tendo.

Tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Katika simu za mkononi zenye kamera, mlio unaosikika picha inapopigwa hautoki kwenye kifaa chochote kinachojifungua na kujifunga. Ni sauti iliyorekodiwa. Nchini Japani, simu nyingi zinazouzwa huko hutoa mlio huo hata mwenye simu anapoinyamazisha, ili watu wasipigwe picha kwa siri. Mlio uliokuwa matokeo ya tendo umegeuzwa kuwa onyo kwa walio karibu.

Kidole: kubofya na kubonyeza

Kazi iliyolipa neno hili umaarufu mkubwa ni ile ya kompyuta. Mnamo Desemba 9, 1968, mhandisi wa Marekani Douglas Engelbart alikionyesha hadharani kifaa kiitwacho kipanya katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini San Francisco. Kielelezo chake cha kwanza, cha mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Kompyuta ya Macintosh, iliyozinduliwa na kampuni ya Apple mwaka 1984, ni miongoni mwa zile zilizokifikisha kifaa hicho majumbani na maofisini.

Ndani ya kitufe cha kipanya huwa mna kibati chembamba cha chuma. Kidole kikikandamiza, kibati hujipinda ghafla na kualika. Aliyekandamiza husikia na kujua kwamba amri yake imepokewa. Waingereza wakauchukua mlio huo na kuufanya jina la tendo lenyewe.

Waliofasiri programu za kompyuta kwa Kiswahili walifuata njia nyingine. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya kiofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na miaka michache baadaye kampuni kubwa za programu zikafuata mkondo huo. Ni katika kipindi hicho ambapo neno bofya lilizoeleka kwenye skrini.

Neno hilo halikubuniwa kwa ajili ya kompyuta. Kubofya ni kuminya kitu kwa kidole ili kutambua kama ni laini. Mnunuzi wa maembe katika soko la Kongowea, Mombasa, hulibofya embe kabla ya kulipa ili ajue kama limeiva, na muuzaji hukereka wateja wanapombofyabofyia maembe yake kisha wakaenda zao. Katika tendo hilo hakuna mlio wowote. Embe haliliki likialika, na wala halialiki.

Wakati umethibitisha kwamba uteuzi huo ulikuwa wa busara. Simu za leo zina kioo laini kisicho na vitufe vya kualika. Katika simu ya iPhone 7 ya mwaka 2016, kitufe cha chini ya kioo hakikusogea kabisa. Mtetemo mdogo kutoka ndani ndio uliomfanya mtumiaji ahisi kana kwamba amekikandamiza. Mlio umetoweka, kidole kimebaki. Jina la Kiswahili lingali linaeleza kinachotendeka, ilhali la Kiingereza limekuwa kumbukumbu ya sauti isiyosikika tena.

Wapo wanaopendelea kubonyeza. Neno hilo lina maana ya kukandamiza kitu hadi kikaingia ndani kidogo, kwa hivyo linafaa sana kwa kitufe cha lifti au cha kengele ya mlangoni. Wasemaji wengi huyatumia maneno haya mawili bila kuyatenganisha, na hakuna haja ya kuwalaumu.

Lililo muhimu zaidi ni kuepuka utata. Maelekezo ya 'bofya kulia', kwa mfano, humchanganya mgeni wa kompyuta, kwani kulia ni upande, ni kutokwa na machozi, na pia ni kutoa sauti. 'Bofya kitufe cha kulia' ni maelekezo yasiyomwacha mtu njia panda.

Ulimi: msonyo na kidoko

Nchini Kenya, 'click' lina matumizi mengine ambayo mgeni kutoka London huenda asiyatambue. Mwalimu anayemkanya mwanafunzi kwa Kiingereza asithubutu kum-'click' hazungumzii kipanya wala simu. Anazungumzia kusonya, yaani kutoa kwa ulimi na meno ile sauti ya kuonyesha dharau, hasira au kuchoshwa. Sauti hiyo huitwa msonyo. Vijana katika mitandao ya kijamii wameibunia hata tahajia yake, wakaandika 'nkt' na kila Mkenya akaelewa.

Hapa ndipo kosa la tafsiri linapoweza kumgharimu mtu. Tuseme shahidi anaieleza mahakama kwa Kiingereza cha Kenya kwamba jirani yake alim-'click' kabla ya ugomvi kuzuka. Mkalimani anayesema kwamba jirani 'alimsonya' atakuwa amefikisha ujumbe: palikuwa na dharau, lakini hakuna aliyeguswa. Mkalimani anayekimbilia 'alimbofya' atakuwa ameigeuza dharau ya mdomo kuwa mguso wa kidole. Katika kesi ya kupigana, swali la nani aliyeanza kumgusa mwenzake ni zito, na neno moja linaweza kuuelekeza ushahidi upande usio wake.

Si kila sauti ya ulimi huwa ni msonyo. Sauti inayotokea ulimi unapobanduliwa ghafla kwenye kaakaa huitwa kidoko, na mtu anaweza kuipiga bila nia ya kumdharau yeyote. Wanaisimu wa Kiswahili wamelichukua neno hilo na kulitumia kwa konsonanti za aina hiyo, ambazo kwa Kiingereza pia huitwa 'clicks'.

Vidoko vimeenea sana kusini mwa Afrika. Kizulu na Kixhosa, ambazo ni lugha za Kibantu kama Kiswahili, zilivipata kutoka kwa lugha za jamii zilizotangulia kuishi huko, na huviandika kwa herufi c, q na x. Mwanamuziki Miriam Makeba, anayekumbukwa Afrika Mashariki pia kwa kuimba 'Malaika', aliutangazia ulimwengu sauti hizo alipourekodi wimbo wa jadi wa Kixhosa uitwao 'Qongqothwane' katika albamu yake ya mwaka 1960. Wasikilizaji wa Kiingereza walioshindwa kulitamka jina hilo wakaujua kama 'The Click Song'. Qongqothwane ni mdudu wa jamii ya mbawakavu ambaye hugonga ardhi kwa tumbo lake, na jina lake la Kixhosa pia linaiga mgongo huo. Tanakali ya Waxhosa ikawa imefunikwa kwa tanakali ya Waingereza.

Afrika Mashariki nayo ina lugha zenye vidoko. Nchini Tanzania kuna Kisandawe katika eneo la Dodoma na Kihadza karibu na Ziwa Eyasi. Nchini Kenya kuna Kidahalo, lugha ya Kikushi ya eneo la Lamu na delta ya Mto Tana, ambayo ina vidoko katika maneno yake machache. Wasemaji wake ni wachache mno, na jamii hiyo imekuwa ikihamia Kiswahili. Wapenzi wa Kiswahili wanaolalamikia maneno ya Kiingereza yanayoivamia lugha yao hawana budi kukumbuka kwamba Kiswahili nacho, kwa nguvu zake, kinazifunika lugha ndogo zilizo jirani, na vidoko vya pwani ya Kenya viko hatarini kunyamaza.

Akili na moyo

Kutokana na mlio wa vitu viwili vinavyoingiana barabara, kama ufunguo na kufuli, Kiingereza kilipata maana mbili za kitamathali. Ya kwanza ni ya akili. Jambo lililomtatiza mtu likimdhihirikia kwa ghafla, Mwingereza husema lime-'click'. Kiswahili kina kung'amua, kutanabahi na kubainikiwa. 'Mara akang'amua' ni maneno mawili tu, lakini yanabeba ghafla ile ile inayokusudiwa.

Maana ya pili ni ya moyo. Watu wawili wakipendezwa wao kwa wao tangu walipokutana, Kiingereza husema wame-'click'. Mswahili husema nyota zao zimepatana, au damu zao zimeoana. Urafiki wao ukikomaa, huwa wameshibana, na hatimaye huwa kama chanda na pete. Mfasiri mwenye hazina hiyo hana sababu ya kukopa.

Katika kurasa za michezo, timu iliyo-'click' ni ile ambayo wachezaji wake wameelewana uwanjani. Katika siasa, mpango ulio-'click' ni ule uliofaulu au uliowaingia wananchi.

Kwa anayetafsiri filamu au riwaya za vita, kuna mtego mwingine mdogo. Askari wa Marekani, hasa tangu enzi za Vita vya Vietnam, hutumia neno 'klick' kwa maana ya kilomita. Adui aliye umbali wa 'klick' mbili yuko umbali wa kilomita mbili, na wala hakuna kilicholia.

Biashara na hadaa

Kadiri intaneti ilivyoenea, mguso wa kidole ulipata bei. Mnamo Oktoba 1994, tovuti ya HotWired ya Marekani ilianza kuchapisha matangazo ya biashara ambayo msomaji angeweza kuyabofya yakampeleka kwa mtangazaji. Mnamo 1999, kampuni ya Amazon ilipewa nchini Marekani hataza ya mbinu ya kununua bidhaa kwa kubofya mara moja tu, na haki hiyo ikadumu hadi 2017.

Tangu hapo, tovuti nyingi hupima mafanikio yao kwa idadi ya mibofyo. Hapo ndipo vilipozuka vichwa vya habari vya chambo, vinavyoahidi maajabu juu na kumwacha msomaji mikono mitupu chini. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huvutia kwake.

Walaghai nao hawakulala. Ujumbe mfupi humfikia mtu ukimwarifu kwamba ameshinda zawadi au kwamba akaunti yake ya benki itafungwa, kisha ukamwamuru: bofya hapa. Kiungo hicho humpeleka kwenye ukurasa bandia unaomtaka atoe nambari yake ya siri. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaitambua hadaa ya aina hii kuwa kosa. Lakini sheria huja baada ya kidole kukwisha kuteleza.

Maana ya kale ya kubofya ina funzo hapa. Anayelibofya embe sokoni huwa bado hajalinunua. Hubofya ili achunguze, na akiona halijaiva hulirudisha. Kwenye simu mambo yamepinduka, kwani mbofyo mmoja waweza kuwa ndio ununuzi, idhini na hasara kwa pamoja. Uchunguzi unapaswa kutangulia kidole.

Kwa waandishi, wafasiri na wanafunzi, kanuni ni hiyo hiyo. Kabla ya kuandika bofya, ni vyema kuuliza kilichotendeka. Kama ni kufuli au vidole vilivyotoa mlio, vimealika. Kama ni dharau ya mdomo, mtu amesonya. Kama ni konsonanti ya Kizulu au Kidahalo, hicho ni kidoko. Kama ni fumbo lililofumbuka, mtu ameng'amua. Kama ni marafiki, nyota zao zimepatana. Na kama ni kidole kwenye kipanya au kioo cha simu, basi hapo, na hapo tu, mtu amebofya.